Kusaga Buni Nyumbani, na Namna ya Kuchagua Kinu

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, wajulikana kwa mambo matatu: mpaka wa Tunduma na misururu ya malori yake, kimondo cha Mbozi, na kahawa. Kimondo watu huja kukitazama kutoka mbali. Malori twayaona kila siku. Lakini kahawa, ambayo wazazi wetu huilima na ambayo imewasomesha wengi wetu, ni wachache kwetu waijuao ladha yake. Asubuhi nyumbani kwetu hunywewa chai. Akija mgeni wa heshima hununuliwa kikopo cha kahawa ya kuyeyuka dukani, na huku buni ya baba imo chumbani, hatua kumi tu kutoka kiti alichoketi mgeni.

Siwalaumu wazazi. Buni ni fedha, na fedha haikaangwi. Tena kati ya gunia na kikombe pana kazi nyingi, na iliyo ngumu kuliko zote kwa mtu wa nyumbani ni kusaga. Kikundi chetu cha sayansi kilipoonyesha habari za kahawa Siku ya Wazazi, wazazi wengi waliuliza swali lile lile: “Sasa mwanangu, tununue mashine ipi?” Mwalimu wetu wa Kemia akasema afadhali jibu liandikwe katika gazeti hili, maana pale mezani palikuwa na kelele.

Kwanza tupange maneno. Mti ni mbuni, punje zake ni buni, na kinywaji ni kahawa, ijapokuwa siku hizi twaita vyote kahawa. Ndani ya tunda bivu jekundu mara nyingi mna punje mbili zilizolaliana kwa tumbo. Mara chache huwa moja tu, ya mviringo, na hiyo ndiyo wanunuzi huiandika PB katika madaraja yao. Tunda likimenywa, likavundikwa, likaoshwa na kuanikwa, tunapata kahawa ya maganda. Ganda hilo sharti likobolewe, na nyumbani hukobolewa kwa kinu na mchi, taratibu, kisha hupepetwa kwa ungo. Mpaka hapo mama zetu hawahitaji kufundishwa na mtu.

Kukaanga nako hakuna siri kubwa. Moto uwe wa wastani, sufuria iwe nzito, na mkono usiache kukoroga. Buni hugeuka kuwa ya manjano, halafu ya kahawia, kisha huanza kupasuka kwa sauti kama bisi ndogo. Wakati huo joto lake hukaribia 200°C. Mlio huo ukiisha, epua, mwaga katika ungo, upepete ipoe upesi, la sivyo itaendelea kujikaanga yenyewe. Ikishapoa iache siku nzima au zaidi kabla ya kuisaga, kwa kuwa buni iliyokaangwa hutoa hewa ya ukaa kwa wingi mwanzoni, na hewa hiyo huyazuia maji yasipenye vizuri.

Sasa tufike kwenye kusaga. Labda mtu atauliza, kwa nini tusichemshe punje nzima kama tuchemshavyo maharage? Jibu limo katika Hisabati ya kidato cha kwanza. Chukua mfano wa mche mraba wenye upande wa milimita 8. Nje una nyuso sita, na eneo lake lote ni milimita za mraba 384. Ukate vipande vya milimita moja moja: utapata vipande 512, na eneo la nyuso zake zote ni 3,072. Vikate tena kwa nusu milimita, eneo litakuwa 6,144. Buni ni ile ile na uzito ni ule ule, bali mahali pa maji kugusa pamekuwa mara 16. Maji hayawezi kuchukua ladha ya mahali yasipofika.

Walakini si kila kilichomo katika buni chafaa kuchukuliwa. Katika buni iliyokaangwa, kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake chaweza kuyeyuka majini, na wataalamu wa kahawa husema kikombe kizuri ni kile kilichochukua kati ya asilimia 18 na 22. Ukichukua pungufu, kahawa huwa nyepesi na yenye ukali kama wa ndimu. Ukizidisha, uchungu hutokea na kukaa kooni. Basi msomaji utaona hatari iko wapi. Ikiwa unga wako ni mchanganyiko wa vumbi na vipande vikubwa, vumbi litatoa uchungu kabla vipande havijatoa chochote, na kikombe kimoja kitakuwa kichungu na kikali kwa pamoja. Watu wengi waionjao kahawa ya namna hiyo husema, “Kahawa si kinywaji chetu,” na kurudi kwenye chai. Mimi naona kosa ni la kinu.

Jambo la pili ni harufu. Buni nzima iliyokaangwa, ikiwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, hukaa majuma kadhaa ikiwa bado na ladha. Ikisagwa, upungufu wake huanza papo hapo, maana zile nyuso tulizozihesabu juu hugusa hewa pia. Ndiyo sababu ya kusaga nyumbani badala ya kununua unga: saga ya leo kwa leo. Na kahawa ya kuyeyuka, kama ile itengenezwayo na kiwanda cha TANICA cha Bukoba, ni jambo jingine kabisa. Hiyo imekwisha pikwa na kukaushwa huko kiwandani, nasi twaongeza maji tu.

Chombo cha kwanza tulicho nacho ni kinu na mchi, wala mtu asikidharau. Huko Ethiopia, ambako wazee huita Uhabeshi na ambako mbuni wa arabika ulianzia, hata leo mama mwenye nyumba huosha buni, huikaanga mbele ya wageni, kisha huitwanga katika kinu kiitwacho mukecha kwa mchi uitwao zenezena, na kuichemsha katika mtungi wa jebena. Wafanyao hivyo ndio walioanza kunywa kahawa kabla ya sisi sote. Kinu hakihitaji umeme, hakivunjiki, na kimo katika kila nyumba ya Mbozi. Ila kina masharti. Kisiwe kile cha kutwangia karanga au kisamvu, kwa kuwa buni hunyonya harufu na mafuta. Twanga kidogo kidogo, si zaidi ya konzi mbili kwa mara moja. Halafu chekecha, na kilichobaki juu ya chekecheke kirudishe kinuni. Anayetwanga bila kuchekecha atapata vumbi na vipande, na habari zake tumekwisha zieleza.

Wako waliojaribu kupeleka buni kwenye mashine ya kusagia mahindi. Nawaonya. Kwanza mwenye mashine mwenyewe hatakubali, kwa sababu mteja atakayefuata atapata sembe ya rangi ya udongo yenye kunuka kahawa. Pili, nyundo zile hupiga kwa kasi kubwa, na kilo mbili za buni hupotelea katika pembe za mashine na mfuko wake. Tatu, unga hutoka wa moto.

Kisha kuna mashine ndogo ya umeme yenye visu, iliyo ndugu ya blenda. Hii ndiyo imejaa madukani, nayo hupendeza macho. Ndani yake mna kisu kinachozunguka mbio chini ya kikombe, kikikata chochote kinachokipitia. Hapa ndipo penye kasoro yake: kisu hakichagui. Punje iliyo karibu nacho hukatwa mara mia, na iliyorukia juu haikatwi. Ukisaga muda mrefu ili uipate ile ya juu, ya chini imekwisha kuwa vumbi. Aliye nayo tayari asiitupe. Na awashe kwa muda mfupi mfupi, sekunde mbili au tatu, atikise, awashe tena, mwisho achekeche.

Chombo cha mwisho ni kinu cha meno. Hiki chaweza kuwa cha mkono au cha umeme, lakini kanuni yake ni moja. Mna vyuma viwili vyenye meno, kimoja kimetulia na kimoja chazunguka, na kati yake pana nafasi ambayo wewe mwenyewe waipanga kwa skrubu. Punje huvunjwa na kushuka, huvunjwa tena na kushuka, wala haiwezi kutoka mpaka iwe ndogo kutosha kupita nafasi ile. Ikishapita haipigwi tena. Kwa hiyo unga wote hukaribiana ukubwa. Wazo hili ni la zamani, wala halitofautiani sana na mawe mawili ya kusagia ya bibi zetu. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa, ambayo watu wazima walioko hapa waijua kwa motakaa zake, ilianza kutengeneza vinu vya kahawa vya namna hii mwaka 1840, miaka mingi kabla ya kuunda motakaa hata moja.

Katika maabara tulipima gramu 50 za buni ile ile mara tatu, tukazisaga kwa kinu cha mchi, kwa mashine ya visu, na kwa kinu cha meno cha mkono alichotuazima mwalimu. Kila unga tukaupitisha katika chekecheke mbili, moja ya macho makubwa na moja ya macho madogo, tukapata vifungu vitatu: vipande, wastani, na vumbi. Kwa kinu cha meno kifungu cha wastani kilikuwa kikubwa kuliko viwili vya pembeni vikiwekwa pamoja. Kwa mashine ya visu, vifungu vyote vitatu vilikaribia kulingana, na vumbi ndilo lililoongoza. Kinu cha mchi kilikuwa katikati ya hivyo viwili, jambo ambalo wenzangu hawakulitarajia, kwa kuwa mashine ya visu ina waya na taa, na mchi ni mti tu.

Hapo basi kinu cha meno chashinda? Kwa ladha, ndiyo. Lakini kuchagua si ladha peke yake, nami nilijifunza hilo kwa shangazi yangu wa Tunduma.

Shangazi huuza kahawa alfajiri kwa madereva wa malori wanaongojea kuvuka mpaka kuingia Zambia, wengine wakiendelea hadi Kongo. Huichemsha kwa mtindo wa pwani: unga, maji, na tangawizi kidogo, katika birika kubwa juu ya jiko la makaa, ikae mpaka itulie, kisha humiminwa katika vikombe vidogo. Kwa biashara hiyo ndogo amenilipia nauli, sare na vitabu tangu kidato cha kwanza. Miaka yote hiyo alitwanga buni kwa mchi saa tisa usiku, na mwaka jana bega lake la kulia likaanza kukataa. Siku ambazo bega lilimshinda alitwanga nusunusu, na madereva wakalalamika ya kuwa kahawa ni nyepesi, na vipande vinakwama katika meno. Dereva hamwambii mtu kwaheri. Akichukia kahawa yako huenda kwa jirani.

Zamu yake ya upatu ilipofika, wakati nipo likizo, tulikwenda dukani pamoja. Muuza duka alisifu sana mashine ya visu, akaiwasha mbele yetu, ikanguruma. “Mama, dakika moja tu,” akasema. Shangazi akanigeukia: “Baba, wewe ndiye msomi, sema.” Nikamwomba muuzaji atuwekee kitambaa cheupe, tukamwaga juu yake kile kilichosagwa. Kila mtu aliona vumbi na nusu za punje zimelala pamoja. Kisha nikamwuliza shangazi, si muuzaji, maswali manne. Wasaga kiasi gani kwa siku? Karibu nusu kilo. Wasagia wapi? Nyumbani, na umeme ukikatika saa tisa usiku hana wa kumwamsha. Wataka unga wa namna gani? Laini, kwa kuwa huchemsha. Na bega je?

Majibu hayo manne ndiyo yaliyochagua, si mimi. Mashine ya visu ilishindwa kwa sababu ya umeme, na kwa kuwa ni ndogo: yasaga konzi moja kwa mara moja, na ikifululizwa hupata moto. Vile vinu vidogo vizuri vya mkono, vya kushikwa kifuani, vingemchukua saa nzima kwa nusu kilo. Alinunua kinu kikubwa cha meno cha chuma, cha kubanwa ukingoni mwa meza, chenye mkono mrefu wa kuzungushia. Ukweli ni kwamba si kinu bora kwa ulinganifu wa unga. Sahani zake huyumba kidogo, na mpenda kahawa wa mjini angekikunjia uso. Lakini kahawa ya kuchemsha husamehe zaidi kuliko ile ya kuchuja, na mkono mrefu huzungushwa kwa kushoto pia, bega la kulia likapumzika. Buni iliyokuwa ikitosha mabirika matatu sasa yamtosha manne, kwa sababu unga ukiwa laini maji huchukua zaidi.

Mwenye nyumba anayetaka vikombe viwili vya asubuhi yuko katika hali nyingine, na kwake nasema kinyume: anunue kinu kidogo cha meno cha mkono, chenye kupokea gramu 20 au 30. Familia isiyo na fedha ya ziada isinunue chochote. Kinu, mchi na chekecheke vyatosha.

Ukifika dukani, usitazame rangi. Fungua uone kama ndani mna meno au visu. Meno huwa ya chuma cha pua au ya kauri. Ya kauri hayashiki kutu lakini jiwe dogo lililojificha katika buni laweza kuyamega, na buni yetu ya kuanikwa nyumbani haikosi vijiwe. Shika mhimili wa katikati uutikise kwa kidole. Ukichezacheza sana, nafasi kati ya meno haitakaa sawa na unga utatoka mchanganyiko. Geuza skrubu uone kama hukaa mahali ulipoiweka au hujilegeza yenyewe. Angalia kama chaweza kufunguliwa chote kwa kusafishwa. Mwisho, chukua konzi ya buni yako iliyokaangwa mfukoni, na kitambaa cheupe. Muuzaji mwema hatakataa.

Ulaini hufuata chombo cha kupikia. Kahawa ya kuchemsha katika birika au dele yataka unga laini, ukaribiane na wa ngano. Ya kuchuja kwa kitambaa au karatasi yataka punje kama mchanga mwembamba. Ikiwa laini mno maji husimama juu, na ikiwa nene hupita mbio bila kuchukua kitu. Ile ya kuloweka dakika nne na kukandamizwa kwa chujio la chuma yataka vipande kama chumvi ya mawe. Kwa lita moja ya maji weka kiasi cha gramu 60. Watu wa nchi za mabondeni huambiwa wayaache maji yapoe kidogo baada ya kuchemka, yafike kati ya 90 na 96°C. Sisi hatuna haja. Mahali penye urefu wa mita 1,500 juu ya bahari maji huchemka karibu na 95°C, na uwanda wa Mbozi wakaribia urefu huo au kuupita. Basi twaweza kuyamimina yakiwa yanatokota.

Juu ya kutunza kinu: kisioshwe kwa maji kama ni cha chuma kisicho cha pua, kwa maana kutu huingia katika meno na haitoki. Saga konzi ya mchele mkavu mara moja kwa juma, huo utazoa mafuta yaliyoganda. Kisha futa kwa brashi. Buni isiyokaangwa isitiwe ndani hata kwa mzaha, ni ngumu kama kokoto na huvunja meno. Na mwenye kinu cha skrubu aweke alama ya rangi ya kucha mahali apendapo ulaini wake. Shangazi amefanya hivyo, kwa sababu wajukuu wake hukichezea mchana, na saa tisa usiku hana taa ya kutafutia kipimo upya.